Hukumu Kwanza, Maoni Baadaye

Haya ndiyo niliyozungumza mbele ya klabu yetu ya wasomaji hapa Arusha. Waliokosa kufika waliomba yawekwe yote, nami nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wangu. Dada zangu, kaka zangu, walimu, wanafunzi wa sheria mliokuja na madaftari, na nyinyi mliosikia kuna chai: karibuni nyote.

Nimeombwa niseme ni wapi mtandaoni mtu atapata maarifa ya kuaminika kuhusu uhuru wa raia, na pia kuhusu fikra za wale wanaoitwa walibertari. Mwenyekiti wetu alitaka orodha. Mwenyekiti, utanisamehe. Mimi ni mkutubi, na kwa miaka yote niliyokaa kwenye dawati la maktaba nimeona jambo moja: ukimpa mtu orodha ndefu, anakushukuru, anaikunja, anaitia mfukoni, na hasomi chochote. Kwa hiyo nitataja sehemu chache, na nitawapa visa vyake.

Lakini kabla ya hapo nawauliza. Mnapobishana kwenye kundi la WhatsApp kama polisi wana mamlaka ya kuzuia mkutano, au kama mtu anaweza kugombea ubunge bila chama, mnabishana kwa kutumia nini? Kuna aliyefungua hukumu? Kuna aliyesoma ibara yenyewe, namba yake na maneno yake? Au mnatumiana video ya dakika mbili ya mtu anayefoka, na anayefoka zaidi ndiye anayeshinda?

Mnacheka. Mnajijua.

Basi ninachotaka kuwaambia leo ni hiki: hati ipo. Hati ni bure. Na hati haina haraka. Itakusubiri mpaka bando lako lirudi.

Chukueni kisa cha Mchungaji Christopher Mtikila. Wazee hapa mnamkumbuka. Vijana wengi mnalijua jina tu. Mwaka 1993 alifungua kesi Mahakama Kuu ya Dodoma, akilalamikia mambo kadhaa, moja likiwa kwamba raia halazimiki kuwa mwanachama wa chama ili agombee uongozi. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akampa ushindi. Katika hukumu hiyo hiyo jaji akasema pia kwamba kulazimisha watu waombe kibali cha polisi ili wakutane ni kinyume cha Katiba. Hukumu moja, uhuru mara mbili.

Je, unadhani mambo yaliishia hapo? Kabla mwaka haujaisha, Bunge lilikuwa limepitisha marekebisho ya Katiba yaliyofunga mlango wa mgombea binafsi. Mtikila akarudi mahakamani mwaka 2005. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi tena. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 17 Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani, wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, wakasema suala hili ni la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge, si na mahakama. Hapo wengi wangekunja jamvi. Mtikila, pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakaipeleka Tanzania kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mahakama hiyo iko wapi? Iko hapa hapa Arusha. Tarehe 14 Juni 2013 ikaamua kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika.

Na hadi leo ninapozungumza nanyi, mgombea binafsi hayupo.

Sasa, kwa nini nimesimulia kesi ya miaka ishirini katika hotuba ya mambo ya mtandaoni? Kwa sababu kila hatua ya kisa hiki ina hati yake. Fungua TanzLII, hazina ya sheria inayosimamiwa na Mahakama ya Tanzania. Haidai nywila wala malipo. Tafuta Rufaa ya Madai namba 45 ya 2009, utakutana na majaji wale saba. Kisha nenda kwenye tovuti ya Mahakama ya Afrika, tafuta maombi namba 009 na 011 ya 2011, yaliyounganishwa. Ziweke hukumu mbili hizo pamoja, ya 2010 na ya 2013. Nchi ni ile ile, mlalamikaji ni yule yule, swali ni lile lile, na majibu yanapingana. Nani ana mamlaka ya mwisho juu ya haki yako: wabunge uliowachagua, au majaji usiowachagua? Mwanafalsafa atakuandikia kitabu kizima juu ya swali hilo. Hapa unalo likiwa na damu na nyama.

Jaji Ramadhani, kwa taarifa yenu, baadaye alikuja kuwa Rais wa Mahakama ya Afrika. Kanuni za mahakama hiyo hazimruhusu jaji kusikiliza kesi ya nchi yake. Ningetamani sana kujua alikula nini siku hukumu ile iliposomwa.

Namna ya kusoma hukumu, kwa kifupi, kwa wale ambao si wanasheria. Usianze mwanzo. Nenda mwisho, uone mahakama imeamuru nini. Kisha tafuta pale majaji wanapoyataja masuala ya kuamuliwa. Kisha rudi usome hoja za upande uliotamani ushindwe. Na kabla hujaanza kuitangaza, hakikisha haijatenguliwa na mahakama ya juu. Nimewaona watu wakiringia ushindi wa Mtikila wa 2006 kwenye stetasi zao kana kwamba 2010 haikuwahi kufika.

Majirani zetu nao wana hazina zao. Wakenya wana Kenya Law, na kwa maoni yangu ndiyo iliyosheheni kuliko zote za ukanda huu. Katiba yao ya 2010 ukiisoma Sura ya Nne tu, haki za aliyekamatwa ziko Ibara ya 49, faragha Ibara ya 31, haki ya kupata taarifa Ibara ya 35. Waganda wana ULII. Huko ULII tafuteni kesi ya Andrew Mwenda, mwandishi wa habari. Mwaka 2005, baada ya kipindi cha redio kuhusu kifo cha John Garang, kiongozi wa Sudan Kusini, alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, kosa ambalo wakoloni waliliweka ili wasemwao wasisemwe. Alipinga kifungu chenyewe, na Agosti 2010 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikakifuta. Wengi wenu mnamfahamu Mwenda wa leo kwa ukaribu wake na watawala. Sawa. Hukumu haibadiliki kwa sababu aliyeipigania amehama upande. Ndiyo maana nasema hati kwanza, mtu baadaye.

Kuna tatizo moja ambalo siwezi kulificha: hukumu nyingi ziko kwa Kiingereza. Sheria ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama hapa kwetu, lakini mlima wa hukumu za zamani uko pale pale. Anayetaka kuanza kwa Kiswahili aanze na Katiba ya 1977 yenyewe, Ibara ya 12 mpaka ya 30. Kisha ripoti za haki za binadamu za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ambazo wamekuwa wakizitoa tangu 2002. Kisha Tamko la 1948 la Umoja wa Mataifa, ambalo kifungu chake cha kwanza kwa Kiswahili kinaanza hivi: "Watu wote wamezaliwa huru, hadhi na haki zao ni sawa." Programu za kutafsiri kwenye simu zitumieni kujua habari inahusu nini, lakini msizinukuu mahakamani. Wala kwenye mtihani, Mwalimu ananitazama.

Sasa nageukia walibertari.

Hawa ni akina nani? Kwa ufupi wanasema hivi: mwili wako ni wako, jasho lako ni lako, maneno yako ni yako. Jambo ambalo jirani yako akikufanyia tungeliita wizi au uonevu, halibadiliki kuwa jema kwa sababu aliyelifanya amevaa sare. Na mengi tunayoiachia serikali, watu wanaweza kuyafanya wenyewe kwa hiari. Wengine wao wanataka serikali ndogo. Wengine hawataki serikali kabisa. Na wakikutana wanagombana wao kwa wao kuliko wanavyogombana na wajamaa.

Msiwachanganye na watetezi wa uhuru wa raia, ingawa mara nyingi wanasimama mstari mmoja. ACLU ya Marekani, iliyoanzishwa 1920, haina ugomvi na kodi. Lakini mwaka 1977 ilikubali kutetea haki ya Wanazi kuandamana katika mji wa Skokie, kulikokuwa na Wayahudi walionusurika mauaji ya Hitler. Wanachama wengi walijitoa kwa hasira. Wewe ungejitoa? Msinijibu sasa, nyamazeni nalo.

Maktaba za walibertari mtandaoni ni kubwa na ni za bure. Liberty Fund ya Carmel, Indiana, ina Online Library of Liberty, yenye maandishi ya kale ya John Locke, Adam Smith, Bastiat na wengine wengi. Mises Institute ya Auburn, Alabama, inagawa vitabu vizima, unapakua na kwenda zako. FEE, yaani Foundation for Economic Education, ipo tangu 1946 na inaandika kwa ajili ya vijana. Inanichekesha kidogo: watu wanaohubiri mali binafsi kuliko wote duniani ndio wanaogawa vitabu bila senti. Na ukitaka mtu asiye mhubiri akueleze ulibertari pamoja na udhaifu wake, Stanford Encyclopedia of Philosophy ina makala yake, imeandikwa na wanafalsafa na inafanyiwa marekebisho. Kama una bando la kusoma kitu kimoja tu mwezi huu, soma hiyo.

Lakini ulizeni: bure hii inalipiwa na nani? Mkutubi huuliza hivyo kila siku. Cato Institute, kituo maarufu kuliko vyote vya fikra hizi huko Washington, ilianza 1977 kwa fedha za Charles Koch, tajiri wa mafuta. Mwaka 2012 yeye na ndugu yake walikwenda mahakamani wakigombea udhibiti wa taasisi hiyo, na mvutano ukaisha kwa makubaliano. Je, hiyo ina maana kila wanachoandika ni uongo? Hapana. Cato hao hao waliipinga vita ya Iraq, na kwa miaka mingi wamepinga ukatili wa polisi na vita dhidi ya dawa za kulevya. Maana yake ni kwamba ukisoma kuhusu kodi au mazingira, unasoma macho yakiwa wazi. Fanyeni vivyo hivyo kwa shirika la haki za binadamu linalolipwa na serikali ya Ulaya. Kipimo kiwe kimoja.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: mawazo haya ni ya Wazungu, yanatuhusu nini? Basi nikwambie. Mwaka 1944, kijana mmoja wa Kizanaki akiwa Makerere alimsoma John Stuart Mill, akachukua hoja zake juu ya kunyimwa uhuru kwa wanawake, akaandika insha akizipima hoja hizo kwa hali ya wanawake wa kabila lake mwenyewe, na akashinda zawadi. Kijana huyo alikuwa Julius Nyerere. Hakuuliza Mill ametoka wapi. Aliuliza kama anachosema ni kweli Butiama.

Na Juni 2007, mji huu huu ulipokea mkutano wa TED, akapanda jukwaani Mghana George Ayittey. Aliwagawa Waafrika makundi mawili: duma, vijana wepesi wasiongoja serikali, na viboko, watawala walioganda kwenye tope la malalamiko dhidi ya ukoloni. Hotuba iko mtandaoni, itazameni. Ayittey, aliyefariki 2022, aliandika maisha yake yote kwamba soko huria halikuletwa na meli. Kina mama sokoni walikuwepo, biashara ya masafa marefu ilikuwepo, na machifu wengi walitawala kwa kusikiliza baraza. Mimi namheshimu, lakini nadhani aliwapaka machifu mafuta kupita kiasi. Kulikuwa na watemi ambao baraza lao lilikuwa la kupiga makofi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hasa. Lifuatalo hamtalipata limekamilika kwenye rafu ya walibertari, wala kwenye rafu ya wajamaa. Mtalipata mkizisoma zote mbili.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini, vijana wa TANU huko Songea, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianzisha kijiji cha Litowa. Walilima pamoja, wakagawana pamoja, wakaanzisha shule yao wenyewe. Vijiji vingine vikaiga. Hakuna aliyewalazimisha. Ikazaliwa Ruvuma Development Association, ikafikia vijiji kama kumi na saba, ikawa na kinu cha kusaga nafaka na mashine ya kupasua mbao. Mwalimu mwenyewe aliwapenda. Azimio la Arusha lilipotoka Februari 1967, wao walikuwa wameshaishi ujamaa kwa miaka kadhaa. Na Oktoba 1968 Mwalimu aliandika wazi katika waraka wake, Uhuru na Maendeleo, kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuingia kijiji cha ujamaa.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaivunja Ruvuma Development Association. Mali zikachukuliwa. Walimu wa shule wakatawanywa. Miaka minne baadaye, Novemba 1973, ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 wakulima wote wawe wamehamia. Wazee, nyinyi mnakumbuka malori. Sihitaji kuwaeleza.

Sasa niambieni. Litowa ilikuwa ya nani? Mlibertari atasema: mnaona? Watu huru waliungana kwa hiari, chama kikaogopa kitu ambacho hakikukitawala, kikakiua. Mjamaa atasema: mnaona? Wakulima walithibitisha kwamba ushirika unawezekana, urasimu ukawasaliti. Wote wawili wana haki ya kukidai kisa hiki, na wote wawili kinawauma. Mlibertari kinamuuma kwa sababu watu wale walipoachwa huru hawakuchagua soko. Walichagua shamba la pamoja. Mjamaa kinamuuma kwa sababu aliyewavunja hakuwa beberu wala mlanguzi; alikuwa chama chao wenyewe.

Wamarx nao, kama mlikuwa hamjui, wana Marxists Internet Archive, inaendeshwa na watu wa kujitolea, nayo ni bure, na Azimio la Arusha limo humo kwa Kiingereza. Asubuhi unaweza kumsoma Hayek, mchumi wa soko huria, kwa Mises Institute ya Auburn, Alabama, mchana ukamsoma Nyerere kwa Wamarx, jioni ukajadili na babu yako aliyehamishwa. Babu yako hayuko mtandaoni. Mrekodi kwa simu, kwa ridhaa yake, uandike tarehe.

Nikiwa kwenye kuhifadhi: kurasa zinafutika. Tovuti inabadilishwa, ripoti inaondolewa, waziri anafuta alichoandika. Internet Archive, iliyoanzishwa 1996, ina Wayback Machine. Unaweka anwani ya ukurasa, unauona ulivyokuwa zamani, na ukurasa wa leo unaweza kuuhifadhi wewe mwenyewe. Picha ya skrini peke yake haitoshi, mtu yeyote anaitengeneza. Na ripoti muhimu pakueni kabisa, ziwe kwenye simu, kwa sababu kuna siku intaneti haitakuwepo na hamtaulizwa. Wanaofuatilia kuzimwa kwa mitandao Afrika, CIPESA ya Kampala, hutoa ripoti kila mwaka. Kwa usalama wa simu na mawasiliano yenu, Electronic Frontier Foundation, iliyoanza 1990, ina mwongozo wake, na pia someni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ya hapa kwetu kabla hamjasambaza jambo. Someni sheria yenyewe, msisome maoni yangu juu yake.

Na jambo moja wanasheria wadogo mnalijua, wengine hamlijui. Njia aliyopita Mtikila mwaka 2011, Mtanzania wa leo hawezi kuipita. Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu raia na mashirika kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika, na mwaka mmoja baadaye kuondolewa huko kukaanza kufanya kazi. Jengo liko hapa Arusha, unaweza kulipita kwa bodaboda, lakini kesi mpya ya raia dhidi ya Tanzania haipokelewi. Hukumu za zamani zimebaki, na bado zinasomeka.

Hivyo basi kazi ya mkutano ujao ni hii. Mwaka 2012 huko Burkina Faso, mhariri Lohé Issa Konaté alihukumiwa kifungo cha miezi kumi na miwili kwa kuandika kwamba mwendesha mashtaka mmoja ni mla rushwa, na gazeti lake likafungiwa miezi sita. Alikuja Mahakama ya Afrika, na Desemba 2014 akashinda: kifungo kwa kosa kama lile kilivuka mpaka. Lakini majaji wanne walitaka mahakama iende mbali zaidi. Walisema kashfa isiwe kosa la jinai hata kidogo. Aliyekashifiwa aende mahakama ya madai, basi. Waliokaa kulia kwangu, mtawatetea walio wengi. Kushoto, mtawatetea wale wanne. Pakueni hukumu na maoni ya wanne hao, zote ziko kwenye tovuti ya mahakama, na atakayekuja na video ya mtu anayefoka atafua vikombe vya chai.

Maswali. Tuanze na mama pale nyuma, ameinua mkono tangu nilipowagusa machifu.